Rafiki yako anapigwa nyumbani kwake: umsaidie vipi?

Tunapozungumza juu ya ukatili wa nyumbani, kwa kawaida tunazungumza juu ya akina mama. Ni haki, kwa sababu wao ndio wanaoumizwa zaidi. Lakini leo tuzungumze juu ya baba, kaka au rafiki wa kiume anayepigwa, anayetukanwa kila siku au anayenyimwa chakula nyumbani kwake. Yupo kambini, na yupo mjini Bujumbura pia. Tatizo ni kwamba hasemi. Hapa Burundi wazee husema machozi ya mwanaume hutiririka kuelekea tumboni. Yakikaa huko siku nyingi, yanageuka ugonjwa.

Tuchukue mfano. Baba mmoja anafika kwenye kituo cha afya na jeraha la moto mkononi. Anasema sufuria ilimwangukia. Wiki tatu baadaye anarudi na alama za meno begani. Anasema aligombana na mlevi njiani. Ukweli amemwambia mtu mmoja tu, rafiki anayebeba naye matofali. Rafiki huyo akicheka, baba hatasema tena kwa mtu yeyote. Akimsikiliza, matibabu yameanza hapo.

Kwa nini anakaa kimya?

Anaogopa kuitwa mwanaume anayetawaliwa na mke, au kuambiwa amelishwa dawa. Anaogopa kwamba akienda polisi, yeye ndiye atakayefungwa. Pengine posho ya familia inachukuliwa na mke, naye anajiuliza atakula wapi akitoka. Tena kuna watoto, hataki kuwaacha.

Ufanye nini?

1. Msikilize mahali pa faragha. Mwambie: «Ninakuamini. Kosa si lako.» Usimuulize alifanya nini mpaka akapigwa.

2. Tunza siri. Usimwambie hata mke wako. Habari ikifika kisimani, jioni itakuwa imefika nyumbani kwake, na atapigwa zaidi.

3. Msindikize kwa matibabu. Jeraha la moto limwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Kuumwa na mtu kunaleta usaha haraka, kwa hiyo muuguzi aone jeraha hilo na aangalie chanjo ya pepopunda. Akiwa amepigwa kichwani, kisha anatapika, anasinzia au anachanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja.

4. Kama amelazimishwa tendo la ndoa au amefanyiwa ukatili mwingine wa kingono, asichelewe. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Mjini Bujumbura kuna Kituo cha Seruka, kilichoanzishwa mwaka 2003 na Médecins Sans Frontières, na sasa kinaendeshwa na shirika la hapa nchini. Seruka kwa Kirundi ni kujitokeza. Hata mwanaume anaweza kujitokeza.

5. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke kwa muuguzi.

6. Tafuteni pamoja pa kulala usiku wa hatari, kwa ndugu au jirani. Vitambulisho vyake avihifadhi kwa mtu anayemwamini. Akitaka kutengana na mke, aende kwenye ofisi ya ulinzi ya HCR au ya ONPRA, aulize juu ya faili ya familia na posho. Asiondoke kimyakimya.

Usifanye nini?

Usimwambie: «Mrudishie, wewe ni mwanaume.» Akimpiga mke, kutakuwa na watu wawili walioumia, watoto wakiangalia, na yeye mwenyewe atakuwa na kesi. Usiende kumgombeza mke. Usimpeleke kwenye pombe. Usimlazimishe kuondoka au kushtaki, uamuzi ni wake. Mke naye huenda ana majeraha ya vita moyoni na anahitaji kusaidiwa. Hiyo haimpi ruhusa ya kupiga.

Je, mwanaume ana haki?

Ndiyo. Kumpiga na kumjeruhi mtu ni kosa, awe mwanaume au mwanamke. Tangu mwaka 2016 Burundi ina sheria maalumu ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia. HCR nayo ilitoa mwaka 2012 mwongozo wa kuwahudumia wanaume na wavulana waliofanyiwa ukatili huo. Kwa hiyo huduma hizo si za akina mama peke yao.

Kule Kampala, Uganda, wakimbizi wanaume waliofanyiwa ukatili wa kingono vitani, wengi wao kutoka Congo, walianzisha chama chao, Men of Hope. Ukatili wa vita si sawa na wa nyumbani, lakini aibu inayofunga mdomo ni ile ile. Walianza kwa kukaa pamoja na kuzungumza.

Ndugu msomaji, si lazima uwe daktari. Rafiki yako akianza kusema, nyamaza umsikilize. Kisha mwambie kesho mtaenda wote kituoni. Sisi wahamasishaji wa afya tupo, na siri yake tutaitunza.