Mzee mzima Bagamoyo: Kilometa 70, miaka 30 njiani

JUMAMOSI moja asubuhi niliwaaga wajukuu zangu kwamba babu yao anakwenda kutalii Bagamoyo. Wee! Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Babu wa miaka 71, magoti yanalia kama mlango wa choo cha shule, eti anakwenda kutalii, tena kwa basi! Mkubwa wao, ambaye ana gari, akajitolea kunipeleka na kunirudisha kabla ya saa kumi, maana jioni alikuwa na sherehe yake Sinza. Nikamwambia asante sana mjukuu wangu, ila gari lako lina haraka kuliko mimi.

Siwasemi vibaya vijana, lakini nimewaona. Mnatoka Dar saa nne, saa sita mko Bagamoyo, mnapiga picha kwenye mlango wa nakshi, mnaagiza chipsi kuku (chipsi kuku, bwana, pwani yote ile ya samaki!), saa kumi mnageuza kurudi mjini huku mkisema Bagamoyo hamna kitu. Haya. Mwenzenu niliamua kwenda pole pole. Sababu ya huo upole nitaisema mbele kidogo, msinikimbize.

Pale stendi ya Makumbusho konda alinidaka mkono: "Babu panda, siti ipo!" Kumbe siti yenyewe ni nusu, nusu nyingine imekaliwa na mama mmoja na ndoo yake ya maandazi. Tukabanana. Tukapita Mwenge, tukapita Tegeta na kile kiwanda cha saruji cha Wazo, tukaingia Bunju, kisha Mapinga. Nyie mnaoijua barabara hii ikiwa na lami hamjui mlichokikosa. Enzi zetu ilikuwa vumbi na mashimo, ukifika Bagamoyo hata mama yako mzazi hakutambui. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa, unalala njiani. Kulikuwa na mikorosho na minazi pande zote. Leo ni ukuta baada ya ukuta, na juu ya ukuta mtu kaandika kwa rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Nilivihesabu vya namna hiyo vinane, nikachoka. Mji mzima unapiga kelele kwamba hauuzwi, na madalali wamejaa vituoni.

Tulipofika Kerege nikamwambia konda ashushe. Akanishangaa. "Mzee, si umelipa mpaka Bagamoyo?" Nikamjibu najua. Nikakaa chini ya mwembe, nikanywa dafu la kwanza, nikaongeza la pili, mabasi mawili yakapita nayatazama tu. Yule kijana wa madafu akaniuliza kama namsubiri mtu. Nikamwambia hapana, napunga upepo.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kufika.

Basi la tatu nikapanda. Nikashuka kabla ya mji, nikakodi bodaboda kwenda Kaole kwa masharti kwamba akizidisha mwendo simlipi. Kaole ni magofu, kilometa kama tano hivi kusini ya mji wa Bagamoyo. Kuna msikiti wa karne ya 13, ambao ni katika misikiti ya kale kabisa kwenye pwani ya Tanzania Bara, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Zamani nguzo kama hizo zilipachikwa bakuli za Kichina, maana watu wa hapa walifanya biashara na dunia kabla Mzungu hajajua kama tupo. Halafu bahari ikawageuka. Mchanga ukajaa, mikoko ikaziba njia ya vyombo, watu wakahamisha bandari yao. Leo unasimama pale ulipokuwa mji wa bandari, mbele yako unaona mikoko tu na kaa wanaokimbizana kwenye tope.

Kuna mbuyu pale. Kijana anayetembeza wageni akaniambia kwa heshima zote kwamba mtu akiuzunguka, umri wake unaongezeka. "Jaribu, babu." Nikauzunguka, mkono ukiushika ule mti. Nikiwa upande wa pili, asikoniona mtu, nikasimama nikaona aibu. Miaka ya nyongeza ya nini wakati hii niliyonayo nimeshindwa kuitumia kwa jambo moja dogo?

Sasa niwaambie.

Mwaka 1986, mimi na rafiki yangu wa kazini, mwenyeji wa Bagamoyo, tulichukua mkopo kila mtu wa kwake, tukanunua mashua na injini ya kupachika. Yeye akaacha kazi akarudi kwao kuvua, mimi nikabaki Dar kusubiri faida. Mambo yakaenda vizuri. Mwaka wa pili, siku za kusi, akaniletea habari kwamba wimbi limewapiga karibu na mdomo wa mto Ruvu, injini imechomoka na kuzama. Mimi na ujana wangu, na mke ananidai ada za shule, nikapanda gari mpaka nyumbani kwake. Nikamkuta barazani. Nikamwambia injini umeiuza Unguja, wewe ni mwizi. Nilisema hivyo mbele ya mkewe, aliyekuwa ananitilia chai, na mbele ya mkwewe aliyekuja kumsalimu mwanawe. Hakunijibu kitu. Chai sikunywa. Nikaondoka.

Mwaka 1993, kwenye msiba Magomeni, mtu wa kwao akasimulia kama mchezo kwamba kuna wavuvi walinasa injini kwenye nyavu zao kule Ruvu, imeota kombe kila mahali. Wali ulinikwama kooni. Toka siku hiyo nikawa nasema nitakwenda. Mwanzo nikasingizia barabara. Wakaweka lami. Nikasingizia kazi. Nikastaafu. Sasa, mwanangu, ukishastaafu na lami ipo, utasingizia nini?

Kutoka Kaole nikasema kwanza nipite misheni, wala huko hanisubiri mtu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868. Kuna njia ya miembe ya kale inayokatiza eneo lao, na kuna mbuyu mwingine uliomeza mnyororo, kimebaki kipande kinachochungulia kwenye gome. Wanasema mama mmoja wa Kizungu alimfungia punda wake pale, akausahau. Mti haukuwa na haraka.

Hapo ndipo ulipo mnara wa kanisa la mwaka 1872, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa kabla ya kuvushwa Unguja. Habari hii shuleni tulifundishwa vibaya, tulimkariri yeye tukawasahau waliombeba. Mzee yule alikufa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao wakauzika moyo wake palepale chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga wakaubeba kwa miguu hadi baharini. Waliingia Bagamoyo Februari 1874. Piga hesabu mwenyewe ni miezi mingapi. Njiani waliugua, wengine wakafa, na walikutana na watu waliowashauri wazike tu maiti yao yaishe. Wakakataa. Nilikaa kwenye kivuli cha mnara ule nikiwaza kwamba hawa hawakuwa na barabara wala nauli, na mzigo wao ulikuwa unazidi uzito kila siku, lakini hawakushuka Kerege kunywa madafu.

Jina la mji huu lina mabishano. Wapo wanaosema wapagazi kutoka bara, wakifika hapa na pembe zao za ndovu, walibwaga mizigo na kuupumzisha moyo. Wapo wanaosema ni waliokuja wamefungwa minyororo, ambao mbele yao waliona bahari tu, moyo ukaanguka. Mimi sibishani na mtu. Jioni ile nilizisikia zote mbili kwa pamoja ndani ya kifua kimoja.

Nikapita mtaa wa India, ule wa nyumba za ghorofa zilizochoka na milango ya nakshi. Palikuwa makao makuu ya Wajerumani hapa, mpaka walipohamia Dar mwaka 1891, na toka hapo mji umekuwa ukisubiri. Upande wa chuo cha sanaa, kile kilichoanza 1981 na leo kinaitwa TaSUBa, ngoma zilikuwa zinalia. Kwenye baraza moja nikanywa kahawa na kashata, nikajikaza nikamuulizia yule rafiki yangu kwa muuza kahawa. "Yupo, mzee. Utamkuta soko la samaki anashona nyavu. Toka afiwe na mkewe haendi baharini."

Mkewe lini? Akaniambia mwaka juzi.

Mama yule ndiye aliyenitilia ile chai. Kikombe kikanitetemeka mkononi.

Nilimkuta amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, miwani imefungwa kwa uzi. Akaninyanyulia macho, akaniangalia kama mtu aliyeondoka jana.

"Umechelewa," akasema. "Maji yameshakupwa."

Nikataka kuanza kusema, akanizuia kwa mkono. Akamtuma mtoto akalete pweza na kahawa. Tukala. Tukaulizana watoto, wajukuu, presha, sukari. Nikampa pole ya mkewe, akaipokea. Magoti yake mabovu kuliko yangu, nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe. Giza likaingia, mnada wa samaki ukaisha, pakabaki moshi wa mafuta ya kukaangia. Hapo nikasema nililokuwa nimelibeba. Sikulisema vizuri. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Tegeta, yakaniponyoka yote nikabaki na mawili.

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaniambia nimshike mkono tuende kwake.

Nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku, akamulika kwa simu. Injini ilikuwa imelala ubavu, kutu tupu, kombe zimekauka juu yake.

"Wauza vyuma chakavu wamekuja mara ngapi kuitaka," akasema. "Mama watoto akawa anawafukuza. Anasema mwenyewe atakuja kuiona."

Juu ya injini kuku alikuwa ameatamia. Basi la mwisho la Dar lilikuwa limeshaondoka, nikalala kwake.