Je, Wajua? Siku ya Kuzaliwa Kati ya Bandari ya Tanga na Milima ya Usambara

Dada yangu alipokaribia kutimiza miaka 40 alianza kusema amezeeka. Zawadi yangu ikawa tiketi mbili za basi kutoka Dar: Ijumaa tulale Tanga, Jumamosi tupande Amani kwenye milima ya Usambara, Jumapili turudi. Watu wa Tanga wana msemo wao wa tangu zamani, waja leo waondoka leo, nasi tulikwenda hivyohivyo, mbiombio. Nilimwahidi kitu kimoja tu: huko tuendako, karibu kila tutakachokiona kitamfanya ajione mtoto mchanga. Haya ndiyo niliyomsomea njiani kutoka daftarini mwangu, pamoja na mengine tuliyokutana nayo hukohuko.

Samaki aliyehesabiwa marehemu

Mbele ya bandari ya Tanga, chini kabisa kwenye giza la maji, anaishi samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka pamoja na madinosau miaka milioni 66 iliyopita. Anaitwa silikanti. Alitambuliwa kwa mara ya kwanza Afrika Kusini mwezi Desemba 1938, na dunia ya sayansi ikashika kichwa. Tanga alianza kujitokeza mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliponaswa kwenye majarife yanayotegwa kwa ajili ya papa, na baada ya hapo wakawa wanapatikana mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2009 ikatengwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kwa ajili yake.

Ukoo wake una miaka kama milioni 400. Ulikuwepo kabla ya ndege wa kwanza kuruka na kabla ya ua la kwanza kuchanua. Mwenyewe hukua hadi karibu mita 2 na kilo 90, na mapezi yake yana mashina ya nyama. Akiogelea huyapeleka kwa zamu, moja huku na jingine kule, kama mtu anavyotupa mikono akitembea. Hatagi. Mayai yake, makubwa kama machungwa, huanguliwa tumboni, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mimba yake huchukua miaka 5 na yeye mwenyewe anaweza kuishi karibu karne nzima. Dada, ambaye ni mama wa watoto wawili, alinyamaza kidogo hapo, kisha akasema kwa huruma ya kweli: “Miaka mitano! Masikini mama wa watu.”

Milima iliyopewa jina la meli

Mabaharia wa Vasco da Gama waliibatiza milima ya Usambara jina la meli yao iliyokwama. Ilikuwa Aprili 1498. Meli yao São Rafael ilipanda mwambani pwani ya Mtangata, kusini kidogo ya Tanga, na walipoinua macho kuelekea bara wakaiona milima mirefu, mizuri, wakaiandika katika shajara ya safari kwa jina hilohilo la São Rafael. Walipokuwa wakisubiri maji yajae, wenyeji waliwaendea na vyombo viwili, kimoja kimejaa machungwa, na mwandishi wa shajara alikiri kwamba machungwa hayo yalikuwa bora kuliko ya Ureno.

Meli ile haikufika kwao. Januari 1499, wakirudi kutoka India, mabaharia wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa kiseyeye na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu, basi wakaichoma moto papo hapo ilipokuwa imekwama mwaka uliotangulia. Milima ikabaki na jina la wenyewe, Washambaa, kama kwamba hakuna aliyepita.

Chungwa la kijani limeiva

Kwa kuwa tumetaja machungwa: lile la Muheza unalomenyewa kando ya barabara, ganda kijani kama jani, halikuchumwa kabla ya kuiva. Ganda la chungwa hugeuka rangi pale usiku unapokuwa na ubaridi wa kutosha kuiondoa rangi ya kijani, na kwenye joto la pwani ubaridi huo haufiki, kwa hiyo tunda huiva ndani na nje hubaki vilevile. Muuzaji alilizungusha kwenye kisu, ganda likashuka kama utepe mmoja mrefu bila kukatika, akalikata kichwani, akatupa tufyonze. Vidole vyetu vilinukia hadi Amani.

Jeshi lililokimbizwa na nyuki

Mwezi Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Uingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao askari waliotolewa India, lilishuka Tanga na kushindwa na Wajerumani na askari wao Waafrika waliokuwa kama 1,000 tu. Na katikati ya mapigano waliingia wapiganaji ambao hakuna jenerali aliyewaita: nyuki. Risasi ziliivuruga mizinga iliyokuwa mitini, makundi yakatoka na hasira, yakauma kila aliyekuwa na ngozi, wa upande huu na wa upande ule. Waingereza ndio walioumwa zaidi, na hadi leo vita hivyo katika vitabu vya historia vinaitwa Vita vya Nyuki.

Siku ya pili yake walirudi kwenye meli zao kwa haraka hata wakaacha ufukweni bunduki kwa mamia, rashasha 16 na risasi zaidi ya nusu milioni. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliziokota zote na kuendelea kupigana Afrika Mashariki kwa miaka minne mingine. Kwangu mimi hapa ndipo moyo unaposita. Walioumia katika miaka hiyo minne, kwa vita, kwa njaa na kwa kubebeshwa mizigo, walikuwa hasa wapagazi na wanavijiji wa nchi hii, ambao ugomvi ule haukuwa wao.

Pango linalofika Mombasa (kwa maneno)

Mawe ya chokaa ya mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji, yaliumbwa chini ya bahari miaka kama milioni 150 iliyopita. Wenyeji husimulia kwamba ukiingia humo unaweza kutokea Mombasa. Wapimaji hawajapata njia hiyo, ila popo wamo, na wakitoka magharibi hutoka kama moshi.

Karani wa forodha aliyezaliwa siku ya mwaka mpya

Mwandishi Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, kwa hiyo kila mara dunia inapofyatua fataki za mwaka mpya, huwa pia ni siku yake ya kuzaliwa. Nilidhani mtu kama huyo aliishi kwa kalamu yake. Sivyo: tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, kazi ya kuhesabu bidhaa zinazoingia na kutoka bandarini, na mashairi, insha na riwaya vilipata nafasi yake baada ya mahesabu ya serikali. Alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53. Dada alipiga hesabu kimyakimya, kisha akaniuliza kama nadhani yeye naye bado ana muda wa kuandika kitabu. Nikamwambia anao, tena mwingi.

Mafuta yanayoganda kama ya nazi

Bomba la mafuta kutoka Uganda hadi Chongoleani, upande wa pili wa ghuba ya Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na lote limebuniwa kupashwa moto njia nzima. Sababu ni kwamba mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi. Umeona mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa asubuhi ya baridi? Haya huganda hata kwenye joto la kawaida, kwa hiyo yanahitaji nyuzi 50 hivi ili yatiririke.

Miche 62

Ukitoka Tanga kwenda Muheza, mkonge umejipanga kwa mistari hadi macho yanachoka, na asili ya mashamba yote hayo ni miche 62. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Hamburg, ikafa mingi. Ikapakiwa tena melini, ikafa mingine. Iliyofika pwani hai ilikuwa 62, ikapandwa karibu na Pangani. Ingekuwa abiria, ingejaza basi moja tu kama letu la Tanga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, ikitoa tani zaidi ya 200,000 za katani kwa mwaka: kamba za meli, magunia, mazulia. Na ajabu ya mmea wenyewe ni hii: huishi miaka mingi bila ua, kisha siku moja husukuma mlingoti mrefu kuliko nyumba, huchanua mara moja tu, hudondosha vichipukizi vyake chini, hufa. Katika kila kilo 100 za majani yake, nyuzi unazopata ni kilo 4 hivi. Fikiria basi ni majani mangapi yamebebwa mabegani ili meli moja ifungwe gatini.

Reli iliyoitangulia ya Mombasa

Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, miaka mitatu kabla ya ile ya Mombasa. Ila mwenye kutangulia hakufika mbali. Mwaka 1896, Mombasa walipoanza kutandika mataruma, ya Tanga ilikuwa ndiyo kwanza imefika Muheza, kama kilomita 40 tu, na fedha za kampuni zilikuwa zinaisha. Ya Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901. Ya Tanga iliingia Moshi mwaka 1911, baada ya miaka 18.

Kilimanjaro ni mdogo wa Usambara

Mlima Kilimanjaro haujafikisha miaka milioni 3. Usambara na milima ndugu zake ya Tao la Mashariki iliinuka miaka isiyopungua milioni 30 iliyopita. Kimo si umri, na familia nyingi zinalijua hilo. Kwa muda wote huo upepo wa Bahari ya Hindi umekuwa ukipanda hapo na kumwaga mvua, hata nyakati ambazo nchi za jirani zilikauka na misitu yake ikafa. Viumbe wakabaki humo kama watu wa kisiwani, wakageuka taratibu kuwa aina ambazo huzioni kwingine kokote.

Amani ipo kama mita 900 juu ya bahari. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, basi mtu aliyeamka Tanga akijipepea kwa kanga jioni hiyohiyo anaililia blanketi. Wajerumani walianzisha hapa bustani ya mimea mwaka 1902, mojawapo ya kubwa kabisa Afrika, wakijaribu kahawa, mpira, viungo na mkwinini wa dawa ya malaria. Miti waliyoileta kutoka Asia na Amerika imekuwa mikubwa hata huwezi kuikumbatia ukiwa peke yako. Tulijaribu wawili, vidole havikugusana.

Ua la dirishani kwa watu lina kwao

Lile ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya kama sikio la paka, ambalo bibi wengi wa Ulaya na Marekani hulipanga dirishani, ni la kwetu. Walter von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani wa eneo hili, alilikuta mwaka 1892 likiishi kivulini kwenye nyufa za mawe, akampelekea baba yake mbegu. Mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wao. Leo huuzwa kwa mamilioni kila mwaka, na Wajerumani bado huliita urujuani wa Usambara. Huku kwao ni adimu: kila mti mkubwa unapoanguka, kivuli huondoka na lenyewe hukauka. Tuliliona moja tu, kwenye jiwe lenye ukungu wa kijani, ua lake halizidi ukucha wa dole gumba, na Dada akachuchumaa pale muda mrefu bila kuligusa.

Kinyonga aliyeipa sayansi neno la Kiswahili

Mwaka 2006 wanasayansi waliunda jenasi mpya ya vinyonga wa misitu ya milima ya Afrika Mashariki na Kati, wakaiita Kinyongia, na neno hilo halikutoka Kilatini wala Kigiriki bali mdomoni mwetu. Usambara inao wa kwake, na madume yake yana pembe mbili puani. Mchana utapita chini yake mara kumi usimwone. Usiku ni rahisi: akilala, ngozi yake hupauka, na mwanga wa tochi ukimpata anang’aa kama jani la karatasi.

Kijana wa kijijini alitupeleka baada ya chakula cha usiku. Alimulika taratibu, kitawi kwa kitawi, akasimama. “Dada, tazama hapo.” Nchani kabisa mwa kitawi chembamba kuliko kidole cha mtoto, alikuwa amelala kinyonga, macho ameyafumba, mkia umejikunja mviringo baada ya mviringo kama ile dawa ya mbu ya kuchoma. Analala nchani makusudi: nyoka akija, tawi litatikisika na yeye ataamka. Dada alitazama saa kwenye simu yake. Ilikuwa imegonga sita za usiku na dakika mbili, amekwisha timiza 40. Akazima simu, akamshika kijana mkono uliobeba tochi, akamnong’oneza aishushe chini, asimwamshe.