Santuri za Zamani: Iliyododa Jana Ndiyo Mali Leo

Katika soko la Uingereza la santuri za roki ya progresivu, jina kubwa si lazima liwe bei kubwa.

Albamu ya Tarkus ya kundi la Emerson, Lake & Palmer, iliyobebwa na vinanda vya Keith Emerson, ilishika nafasi ya kwanza nchini humo mwaka 1971. Nakala zake ni nyingi, hivyo bei yake ni nafuu. Mwaka huo huo kundi la Spring kutoka Leicester, lenye wapigaji watatu wa kinanda cha Mellotron, lilitoa albamu yake. Ilidoda madukani na kundi likavunjika. Leo nakala ya awali ya albamu hiyo huuzwa kwa mamia ya pauni.

Sababu ni ugavi. Hata albamu maarufu hupanda bei pale tu toleo lake linapokuwa adimu. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973) imeuza mamilioni ya nakala, lakini wakusanyaji husaka zile za kwanza za Uingereza, ambazo lebo yake ina pembetatu iliyojazwa rangi ya buluu.

Mwekezaji mdogo anashauriwa kusoma namba zilizochongwa karibu na lebo, kukagua mikwaruzo na kutazama jalada kabla ya kutoa fedha. Asiyefanya hivyo hulipa bei ya toleo la kwanza, akaondoka na toleo la marudio.