Kabla ya Kusema Pampu Imekufa

Miongoni mwa vitenzi vinavyotumiwa bila hadhari katika gereji zetu, sikijui kinachokizidi kitenzi "kufa". Betri imekufa, stata imekufa, plagi zimekufa. Gari kuukuu likizimika njiani na kukataa kuwaka, haupiti muda kabla ya mmoja wa wale waliolizunguka kutamka kwamba pampu ya petroli imekufa. Tamko hilo likishatoka, kinachobaki ni mwenye gari kutia mkono mfukoni na kuelekea Grogan, kama wengi wetu tunavyoendelea kuiita Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kutafuta spea.

Kitenzi hiki hakihitaji shamirisho, na hapa hakimtaji hata muuaji. Hakielezi kama kifaa kimeshindwa ghafla au kimekuwa kikidhoofika, wala kama kasoro imo ndani ya kifaa chenyewe au imo kwingine kabisa. Ni neno la kufunga mjadala. Yamkini msomaji atauliza mwalimu wa isimu anatafuta nini chini ya boneti. Jibu langu ni kwamba ninamiliki Peugeot 504, gari lililoanza kuundwa mwaka wa 1968 na lililopata kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na wa 1978, na mwenye gari la umri huo hana budi kusikiliza lugha ya mafundi apende asipende.

Katika gari la kabureta kama langu, pampu ya petroli haitumii umeme. Ni kidude kinachotoshea kiganjani, kilichofungwa ubavuni mwa injini kwa bolti mbili. Ndani yake mna kipande cha mpira kilichotandazwa na kukazwa pembeni, ambacho Kiswahili kina jina lake zuri, kiwambo, kutokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Kamshafti ya injini inapozunguka husukuma wenzo, na wenzo hukivuta kiwambo. Nafasi iliyo juu ya kiwambo hupanuka na kanieneo ndani yake hupungua. Springi hukirudisha kiwambo mahali pake na kuisukuma petroli kuelekea kwenye kabureta, huku valvu mbili ndogo zikihakikisha kwamba kilichoingia hakirudi kilikotoka.

Mafundi wote husema kwamba pampu "huvuta" petroli. Nami nasema hivyo hivyo, ila mwanafunzi wa fizikia angepaswa kutusahihisha. Pampu haivuti kitu. Hupunguza kanieneo upande wake tu, kisha hewa iliyomo tangini ndiyo inayoisukuma petroli ipande. Tofauti hii si ya vitabuni. Kitundu kinachopitisha hewa kwenye kofia ya tangi kikizibwa na vumbi, petroli inayotoka tangini haifuatwi na hewa ya kujaza nafasi yake, na baada ya kilomita kadhaa gari huzimika ilhali pampu ni nzima kabisa. Legeza kofia, usikie hewa ikiingia kwa mfoko, na "maiti" hufufuka. Ni pampu ngapi zimetupwa kwa sababu ya kitundu kisichozidi ncha ya sindano?

Mwaka jana gari langu lilizimika katika mwinuko wa barabara inayotoka Mai Mahiu kupanda kuelekea Limuru. Kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa makanika alifika, akafungua boneti, akatazama kwa muda usiotosha hata kuhesabu vidole, akatoa hukumu: pampu imekufa. Alikuwa tayari kuniletea nyingine na kuifunga papo hapo, na bei akaitaja. Nilimshukuru nikampigia simu fundi wangu, mtu wa makamo aliyeacha shule baada ya darasa la saba, akaja pamoja na mwanagenzi wake.

Fundi hakuigusa pampu kwanza. Aliuliza kama lilizimika ghafla au lilianza kwa kukohoa na kupoteza nguvu. Nilimwambia lilikohoa. Akaniambia, "Basi huenda ni njaa. Stima ikikatika, gari halikohoi sana, hunyamaza." Hata hivyo hakuridhika na dhana yake mwenyewe. Alichomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma cha injini huku mwanagenzi akipiga stata, cheche ikaonekana. Kipimo hiki alikifanya kabla ya kufungua mpira wowote wa petroli, kwa maana cheche na mvuke wa petroli havipaswi kukutanishwa.

Kisha akalishuku joto. Mwinuko ule huanzia katika bonde lenye joto na kumalizikia zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Injini inayopanda taratibu kwa gia ndogo huchemka, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua na petroli kuwa nyepesi zaidi kugeuka mvuke ndani ya mipira. Pampu iliyotengenezwa kusukuma kioevu haina uwezo mkubwa juu ya mvuke. Fundi alilowesha kitambaa, akakizungushia pampu, tukangoja. Gari likipoa likawaka na kwenda bila shida, alisema, hatuna haki ya kuihukumu pampu. Halikuwaka.

Alifungua kofia ya tangi. Hakuna mfoko. Akachomoa waya wa koili, akatoa mpira unaoingia kwenye kabureta, akauelekeza ndani ya chupa na kuagiza stata ipigwe. Pampu nzima ingetoa petroli kwa mapigo, kama damu ishipani. Yalitoka matone mawili matatu tu.

"Fundi, pampu haitoi," mwanagenzi akasema.

"Haitoi kwa sababu haina, au haitoi kwa sababu haiwezi?"

Nimefundisha sintaksia miaka mingi, nami nakiri kwamba sijapata kusikia vishazi viwili vikipangwa kwa manufaa zaidi ya hapo. "Haina" humwelekeza mtafutaji nyuma, kwenye tangi, kwenye filta, kwenye mpira uliopasuka mahali pasipoonekana ukawa unaingiza hewa badala ya petroli. "Haiwezi" humwelekeza ndani ya pampu. Mwanagenzi alifikiri, akaenda kuchukua mtungi mdogo wa petroli na kipande cha mpira, akauunganisha mtungi moja kwa moja na mdomo wa kuingilia wa pampu. Sasa "haina" iliondolewa, kwani petroli ilikuwapo tele, shibiri chache tu kutoka kwenye pampu. Stata ikapigwa, yakatoka matone yale yale. Akauondoa mpira, akaziba mdomo wa pampu kwa kidole huku stata ikipigwa tena. Kidole hakikunyonywa.

Hatimaye fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akanipa nami ninuse. Oili ilinuka petroli, na kimo chake kilikuwa kimepita alama ya juu, ingawa hakuna aliyeongeza tone. Kiwambo kilikuwa kimetoboka, na petroli iliyopaswa kwenda kwenye kabureta ilikuwa ikiteremka ndani ya injini.

Kwa hiyo pampu ilikuwa imekufa kweli. Kijana wa kwanza alisema kweli, nami sitaki kumnyima haki yake. Lakini alisema kweli bila kujua, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Lau ningemruhusu, angefunga pampu mpya, gari lingewaka, ningemlipa na kumsifu, kisha ningeendesha injini ambayo oili yake imezimuliwa kwa petroli. Oili ya namna hiyo hailindi tena beringi za ndani. Injini ingeanza kugonga baada ya siku kadhaa, na bila shaka mtu mwingine angefungua boneti na kutangaza kwamba injini imekufa. Jibu sahihi lisilo na njia lingenigharimu mara nyingi kuliko pampu yenyewe. Walimu wenzangu wanaosahihisha mitihani wanamjua vyema mwanafunzi wa aina hii, na baadhi yetu tunampa alama zote.

Kubadilisha pampu hakukuchukua hata saa moja. Waya hasi wa betri uliondolewa, mpira unaotoka tangini ukazibwa kwa bolti iliyoutoshea, bolti mbili za pampu zikafunguliwa. Mambo mawili yalinivutia. La kwanza, kati ya pampu na injini kuna kipande kinene kisichopitisha joto, chenye gasketi pande zote mbili. Wapo wanaokitupa wakidhani ni cha kujaza nafasi tu, kumbe huikinga pampu na joto la injini, na unene wake ndio unaoamua wenzo utasukumwa kwa kiasi gani. La pili, kabla ya kuifunga pampu mpya fundi aliizungusha injini kidogo ili nundu ya kamshafti isiwe imeelemea wenzo. Anayelazimisha bolti wenzo ukiwa umebanwa huifunga pampu upande, au huharibu uzi wa bolti. Klipu za mipira zilikuwa mpya. Oili yote ilimwagwa pamoja na filta yake, na ndipo injini ikawashwa na kila kiungo kukaguliwa kama kinavuja.

Kwa wenye magari yaliyokuja baadaye habari ni tofauti kidogo. Pampu yao huendeshwa kwa umeme na aghalabu imezamishwa ndani ya tangi. Ukifungua swichi bila kupiga stata utasikia mvumo wa sekunde chache. Usipousikia, fyuzi na rilei zichunguzwe kwanza. Petroli ndiyo inayoipoza pampu hiyo, hivyo basi wenye mazoea ya kutia kidogo kidogo huku taa ya onyo ikiwaka mwezi mzima wajue kwamba wanaipikia pampu kaburi. (Naona nami nimeingia katika lugha ya vifo.)

Nilipozungumza na yule mwanagenzi nilifahamu kwamba fizikia ilimshinda katika shule ya upili. Aliniambia hakuwahi kuelewa neno la Kiingereza la kanieneo lilikuwa na maana gani, alikariri fomyula tu. Istilahi za Kiswahili si kwamba hazipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mnamo 1990, na Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sidai kwamba neno "kanieneo" lingempa kijana yule alama ya juu kwa muujiza. Ninachodai ni kwamba siku ile aliitenga sababu moja na nyingine kwa mtungi, mpira na kidole, akieleza kila hatua kwa Kiswahili, na hakuna sehemu ya hoja yake iliyopwaya kwa ukosefu wa msamiati. Mtu anayeweza hivyo alipewa cheti kinachosema hawezi.

Pampu mbovu za aina hii huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mwalimu wa fizikia atakayejipatia moja ambayo kiwambo chake bado ni kizima, akaiosha vizuri na kuianika nje mpaka harufu ya petroli iishe, anaweza kuipitisha darasani. Mwanafunzi mmoja aziba mdomo wa kuingilia kwa kidole, mwenziwe abonyeza wenzo. Kidole kitanata. Ndipo waulizwe, kwa lugha wanayoiota usingizini, ni nani hasa anayekisukuma kidole kile, pampu au hewa iliyojaa chumbani?