Kura 32 na lugha 20: Safari ya mbunge kijana wa visiwa vya Alaska

Uchaguzi wa Novemba 2012 katika jimbo la Alaska, nchini Marekani, ulimpa ushindi kijana wa miaka 23, Jonathan Kreiss-Tomkins, kwa tofauti ya kura 32 tu. Mpinzani wake, Bill Thomas, alikuwa mwenyekiti mwenza wa Kamati ya Fedha ya Baraza la Wawakilishi. Kreiss-Tomkins, mzaliwa wa mji wa Sitka, alikuwa ameacha masomo katika Chuo Kikuu cha Yale kabla ya kuhitimu ili agombee.

Ieleweke kwamba kila jimbo la Marekani lina bunge lake, mbali na Bunge la taifa lililoko Washington. Baraza la Wawakilishi la Alaska lina wajumbe 40 wanaochaguliwa kila baada ya miaka miwili, na Katiba ya jimbo hilo inaruhusu mtu kuwania nafasi hiyo akiwa na umri wa miaka 21.

Eneo alilowakilisha lilitawanyika katika visiwa vya kusini-mashariki mwa Alaska. Sitka ipo katika kisiwa cha Baranof, Hoonah katika Chichagof, Angoon katika Admiralty na Kake katika Kupreanof. Hakuna barabara inayoviunganisha visiwa hivyo. Wakazi husafiri kwa vivuko vya serikali au kwa ndege ndogo, hali ya hewa ikiruhusu. Kwa hiyo bajeti ya vivuko, ambayo kwa mkazi wa bara ni takwimu tu, kwa mwananchi wa Angoon ni suala la chakula na matibabu. Serikali ya jimbo ilipopunguza fedha za huduma hiyo mwaka 2019, vijiji vidogo ndivyo vilivyoumia zaidi.

Hata hivyo, kazi iliyompa jina zaidi haikuhusu usafiri. Wengi wa wakazi wa vijiji hivyo ni Watlingit, watu walioishi katika visiwa hivyo kabla ya Warusi na Wamarekani kufika. Kwa vizazi kadhaa watoto wao waliadhibiwa shuleni kwa kuzungumza lugha ya nyumbani, na mwaka 1998 wapiga kura wa Alaska walipitisha sheria ya kuifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya jimbo. Kreiss-Tomkins, akiwa bado katika muhula wake wa kwanza, aliwasilisha muswada wa kuziongeza lugha 20 za wenyeji asilia katika sheria hiyo.

Kikao cha mwaka 2014 kilikuwa kinaelekea ukingoni na muswada ulikuwa bado umekwama katika Seneti. Watetezi wake, wakiwemo wazee na vijana, waliketi kwa saa nyingi katika jengo la Bunge mjini Juneau wakisubiri. Alfajiri ya Aprili 21 Seneti iliupitisha kwa kura 18 dhidi ya 2. Gavana Sean Parnell aliutia saini Oktoba mwaka huo, na Alaska ikawa jimbo la pili, baada ya Hawaii, kutambua kisheria lugha za wenyeji asilia.

Sheria hiyo haiilazimishi serikali kuchapisha nyaraka wala kuendesha vikao kwa lugha hizo, na wapo walioiona kuwa ni heshima isiyo na nguvu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini miongoni mwa lugha zilizotajwa ni Kieyak, ambayo mzungumzaji wake wa mwisho aliyejifunza tangu utotoni, Marie Smith Jones, alifariki dunia mwaka 2008. Kuiingiza katika sheria miaka sita baadaye kulikuwa kukiri kwa jimbo kwamba kilichopotea kilikuwa mali yake pia.

Kreiss-Tomkins alihudumu kwa miaka kumi, akaongoza Kamati ya Masuala ya Jimbo, na hakugombea tena mwaka 2022. Akiwa bado bungeni alishiriki kuanzisha Outer Coast, taasisi ya elimu mjini Sitka ambako Kitlingit ni miongoni mwa masomo yanayofundishwa. Kiti alichokiacha kilichukuliwa na Rebecca Himschoot, mwalimu wa Sitka.