Harusi ya mchana: Je, watakaobaki jioni watakula nini?

KADI ya mwaliko inasema ibada ni saa nne asubuhi na karamu ni saa saba mchana. Kamati imefanya vikao sita au saba, imehesabu wageni 300, imenunua mchele, imetafuta fahali wa kuchinja na kuagiza kreti za soda. Lakini ukilipekua daftari la mweka hazina kutoka mwanzo hadi mwisho, hutaona popote palipoandikwa chakula cha jioni.

Na kiandikwe kwa nini, utauliza, ikiwa wageni wote ni wa mchana? Saa kumi na moja wataanza kuaga. Wenye watoto hawapendi kukawia, na wanaotegemea matatu wanajua jinsi nauli inavyopanda giza likiingia. Ifikapo saa kumi na mbili na nusu uwanja ni mtupu.

Hebu basi hesabu wale ambao hawajaenda popote. Kuna maharusi wenyewe pamoja na wasimamizi wao. Kuna wazazi wa pande zote mbili, na mashangazi na wajomba waliotoka mashambani ambao watalala papo hapo mjini. Kuna wapishi walioamka saa tisa usiku kuwasha moto, vijana wa kubeba viti na kushusha hema, madereva na mpiga picha. Katika harusi ya wastani watu hawa hawapungui 30, na mara nyingi hufika 50. Kufikia saa moja jioni wote wana njaa, kwa sababu wengi wao ndio waliokuwa wakiwahudumia wengine mchana. Ndipo mtu mmoja anapokumbuka lile sufuria kubwa lililofunikwa kule nyuma: "Si kuna pilau imebaki? Tuipashe moto kidogo."

Hapo, msomaji, ndipo matatizo yanapoanzia.

Piga hesabu ya saa. Mpishi aliepua pilau saa tano asubuhi, kwa kuwa aliambiwa ibada ingekwisha saa sita. Ibada ikachelewa, kama kawaida. Picha zikachukua saa nzima. Wageni wakapakuliwa saa tisa. Kilichobaki kikafunikwa, na sasa ni saa moja jioni. Chakula hicho kimekaa saa nane nje ya moto, katikati ya joto na baridi, na hiyo ndiyo hali ambayo viini vya magonjwa huipenda kuliko nyingine yoyote.

Mchele una kiini chake kiitwacho Bacillus cereus. Hutoka shambani kikiwa katika umbo la mbegu ngumu sana, na mbegu hizo hazifi maji yanapochemka. Wali ukipoa polepole, mbegu huchipuka, viini huongezeka na kutoa sumu. Sumu hii ndiyo inayowadanganya wapishi wengi, kwani moto haiiharibu. Unaweza kuupasha wali huo hadi utoe mvuke, viini vikafa vyote, na bado mlaji akatapika baada ya saa moja hadi sita.

Nyama nayo ina mgeni wake, Clostridium perfringens. Hiki kinapenda masufuria makubwa ya nyama na mchuzi mzito. Sufuria la lita 50 haliwezi kupoa haraka. Pembeni litakuwa vuguvugu huku katikati likiwa bado na joto la kukipendeza kiini hiki, ambacho katika joto la nyuzi 43 hadi 47 huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa dakika kumi hivi. Walaji huumwa na tumbo na kuhara baada ya saa sita hadi 24. Ongeza mikono ya wapakuaji kumi na wawili, mmoja wao akiwa na kidonda kidoleni, na utakuwa umekaribisha pia Staphylococcus, kiini cha ngozini na puani ambacho sumu yake haiogopi moto vilevile.

Kwa kuwa madhara huja baadaye, usiku wa manane au kesho yake, ni nadra sufuria kulaumiwa. Utasikia kuwa ni uchovu, ni soda nyingi, ni maji ya mjini yaliyomkataa mtu wa mashambani. Na katika jamaa nyingine zetu, Mungu aturehemu, watu huanza kumtazama shangazi fulani kwa jicho baya, ilhali mama wa watu hakufanya lolote ila kuosha vyombo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka kanuni rahisi ambayo hata mpishi asiye na kipimo anaweza kuifuata. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Cha moto kiwe cha moto kweli, zaidi ya nyuzi 60, na cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5. Kinachopashwa moto kifike nyuzi 70 hadi katikati, maana yake mchuzi utokote na usifuke pembeni tu. Lakini kumbuka yale tuliyosema kuhusu sumu: kupasha moto kunasaidia chakula kilichohifadhiwa vizuri tangu mwanzo, hakuokoi kile kilichoshinda nje.

Kuna watakaosema, basi tukihifadhi vizuri. Kwa maneno ni rahisi. Ili pilau ya mchana ifae jioni, inabidi itengwe kabla ya wageni kupakuliwa, itandazwe kwenye sinia pana kwa kina kisichozidi vidole vitatu ili ipoe upesi, kisha iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Katika ukumbi wa hoteli jambo hili linawezekana. Katika uwanja wa kanisa au bustani ya kukodi, friji iko wapi? Na hata kama ipo, nani kati ya shughuli zote hizo ataikumbuka sinia? Wengine hujaribu kuacha sufuria juu ya makaa tangu mchana hadi jioni. Chini huungua, juu hupoa, na walaji wakapata mabaya yote mawili.

Kwa maoni yangu njia bora ni moja tu: pika sufuria la pili, dogo, jioni yenyewe. Si gharama kubwa kama kamati inavyodhani, hasa ukiacha fikira kwamba kila mlo wa harusi sharti uwe pilau na nyama. Watu walioshinda wakila vyakula vya mafuta na kunywa soda hawatamani pilau tena usiku. Wanatamani kitu chepesi na cha moto.

Chukua mfano wa watu 40. Ndengu kilo nne na nusu, vitunguu na nyanya za kutosha, na chapati 80, yaani mbili kwa kila mtu, ambazo zitahitaji unga wa ngano kilo saba au nane. Ndengu haihitaji kulowekwa usiku kucha. Ukiibandika saa kumi na moja, saa moja iko tayari. Chapati kavu zilizopikwa siku hiyohiyo na kufungwa kwa kitambaa safi ndani ya hotpoti haziharibiki upesi kama wali, kwa sababu hazina maji mengi. Wanaopendelea ugali wahesabu pakiti ya kilo mbili kwa watu kumi hivi, pamoja na sukuma wiki na mayai. Tengeni uji pia, kwa wazee na watoto.

Maharagwe mekundu ni mazuri lakini hayataki haraka. Yana sumu yao ya asili ambayo huondoka yakilowekwa na kisha kuchemshwa kwa nguvu. Yakiepuliwa yangali magumu, huwatapisha watu katika muda wa saa moja hadi tatu. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na ndiyo maana maharagwe hukaa motoni muda mrefu kuliko Mombasa. Kama jioni yako ina saa moja tu ya kupika, chagua ndengu.

Tukiitaja Mombasa, wenzetu wa Pwani wana jambo la kuchunga zaidi. Joto la Februari hupita nyuzi 30, na chochote kilichotiwa tui la nazi huchacha upesi. Wali wa nazi wa mchana usiulizwe jioni.

Kachumbari iliyobaki itupwe. Imeshinda kwenye jua, na imechotwa kwa vijiko vingi visivyojulikana vilikotoka. Keki kavu ya matunda haina neno, lakini ile iliyojazwa krimu isirudi mezani usiku kama haikuwekwa kwenye baridi. Na wale jamaa wanaofungiwa chakula cha kupelekea watu nyumbani waambiwe wazi: kifungwe wageni wakiwa bado wanakula, si saa kumi na mbili. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, wengi huja na bakuli zao zenye vifuniko. Hilo ni jema, ila pilau moto iliyofunikwa kabisa kwenye bakuli na kusafiri saa nne hadi kijijini itafika ikiwa vuguvugu, na atakayeipokea kwa furaha pengine ni nyanya mwenye umri wa miaka 80.

Wako wengine ambao kwao swali si chakula gani, bali ni saa ngapi. Mzee anayeugua kisukari anatumia dawa yake kwa kufuata milo. Akidungwa insulini au akimeza vidonge kama glibenklamidi, sukari mwilini itashuka awe amekula au hajala. Sasa mzee huyu alikula mchana saa tisa, tena kidogo kwa sababu ya hotuba, na jioni anaambiwa asubiri, "kuna kitu kinatafutwa." Ukimwona anatetemeka, anatoka jasho jembamba na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, usidhani ni furaha ya kuoza. Mpe mara moja nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, iwe ya sukari ya kawaida, kisha umletee chakula. Akiwa amezirai usimtie kitu chochote mdomoni, mkimbize hospitalini. Kamati yenye busara humwuliza kila mzee mapema dawa zake ni za saa ngapi, na sahani yake hutoka kwanza, hata kama bwana harusi bado hajapakuliwa.

Wajawazito, mama wanaonyonyesha na watoto nao hawafai kungojea hadi saa tatu. Na bi harusi, je? Wengi hawali chochote tangu alfajiri, wakiogopa gauni litawabana au wakiwa na wasiwasi tu. Mchana huwekewa sahani mbele ya kamera na huonja vijiko viwili. Msimamizi wake abebe ndizi mbivu na maji ya kunywa, na jioni ahakikishe amekula kabla ya kuingia garini.

Mengine ni ya kawaida ingawa yanasahaulika. Jioni maji huwa yamekwisha kwenye mapipa, kwa hivyo tengeni mtungi mmoja na sabuni mapema kwa ajili ya mikono na vyombo vya usiku. Sufuria la jioni lipikwe na mtu aliyepumzika, si yule aliyesimama motoni tangu saa tisa usiku. Huyo ni wa kupakuliwa. Mpishi anayehara au aliyetapika siku hiyo asikaribie meko kabisa. Na mvua ikinyesha, jiko la makaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake wenye sumu hauonekani wala haunuki, na umewahi kuwaua watu wakiwa usingizini.

Ikiwa pamoja na haya yote mtu ameanza kuhara au kutapika usiku, jambo la kwanza ni kumrudishia maji. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, vikorogwe na anywe kidogo kidogo. Pakiti za dawa hiyo zinapatikana pia madukani na kwenye zahanati. Usikimbilie kumpa mtoto vidonge vya kufunga kuhara. Mpeleke hospitalini bila kungoja kuche ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma, au mtoto ambaye macho yameingia ndani na hakojoi. Mweleze daktari mgonjwa alikula nini, saa ngapi, na ni watu wangapi wengine wanaougua, kwani saa hizo humwelekeza kwenye kiini chenyewe. Na kama kuna chakula kilichobaki kwenye sufuria hilo, kifunikeni na mkiweke mbali na watu hadi maafisa wa afya waseme kama wanakihitaji.