Mpini Mzuri wa Kisu Hauhitaji Kukata Mpingo

Ukiona kisu kimelegea mpini, usikimbilie kumlaumu aliyefua chuma. Mara nyingi bapa liko sawa, kilichoharibika ni mti. Mimi hutengeneza visu vya jikoni na vya wavuvi hapa Kilifi, na wateja wengi huniuliza jambo lile lile: "Fundi, huna cha mpingo?"

Sikatai kwamba mpingo ni mti wa sifa. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, haunywi maji kwa urahisi na hung'aa bila kupakwa rangi. Lakini hukua polepole mno, na tangu 2017 biashara ya kuuvusha mipaka inadhibitiwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Tena, miti mingi migumu ya asili iliyobaki huku kwetu imo ndani ya Arabuko-Sokoke na katika makaya, ambayo UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Mpini mmoja haumalizi msitu. Lakini kila anayeshikilia "nataka mpingo" anampa mtu sababu ya kuingia na msumeno usiku.

Mti wa mpini nautafuta penye miti iliyokwisha kukatwa: kwa maseremala, kwa wauza kuni, na kwa majirani wanaopogoa miti yao. Kipande cha inchi tano kwa inchi moja na nusu kinatosha, na kwa seremala hicho ni cha kutupwa.

Ninaoupenda zaidi ni mkwaju. Chukua kiini chake cheusi kutoka mti mzee, uache ule weupe wa nje kwa sababu wadudu huupenda. Mwarobaini ni mwepesi kidogo, lakini wadudu hawausumbui sana na hupatikana kila mtaa. Mvinje, ambao wakulima wengi wa hapa huupanda kwa ajili ya nguzo, ni mgumu ila hupasuka ukikaushwa kwa haraka. Mbambakofi wa mlango mkuukuu ni bahati, maana umeshakauka miaka mingi. Mwembe ni laini, kwa hiyo unafaa kisu cha mboga kuliko cha mchinjaji. Mbao za jahazi kuukuu zinavutia kwa macho, lakini zile zilizolowa chumvi huvuta unyevu na kukitia chuma kutu.

Kabla hujachukua kipande, kibonyeze kwa ukucha. Kikiacha alama ya kina, kirudishe. Tazama nyuzi zake: ziende sambamba na urefu wa mpini, kwani zikikata upande, mpini utavunjika hapo. Ukiona vitundu vyenye unga, humo mna wadudu. Kama unapasua gogo, epuka sehemu ya katikati kabisa, maana nyufa huanzia hapo.

Hata hivyo, aina ya mti haina uzito kama ukavu wake. Mti mbichi ukiubana na chuma leo, utanywea baada ya miezi michache. Ribiti zitatokeza, au mti utapasuka penye tundu. Maji na damu ya samaki vitaingia katika mwanya huo, chuma kishike kutu kutoka ndani, na siku moja bapa lichomoke mkononi mwa mtu akiwa kazini. Huyo anaweza kupoteza kidole.

Kwa hiyo kausha kivulini penye upepo, kamwe si juani wala juu ya jiko. Paka ncha zote mbili nta ya mshumaa au rangi ya mafuta, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha na hapo ndipo mti hupasuka. Mafundi wa zamani huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ukitaka uhakika, pima kipande kwenye mizani ya duka kila wiki na uandike uzito. Ukiacha kupungua kwa wiki kadhaa mfululizo, mti uko tayari.

Ukishaufunga na kuupiga msasa, paka mafuta ya linsidi mara tatu au nne, ukiacha kila mkono ukauke. Mafuta ya nazi hayakauki, yatakuachia utelezi, na kisu kinachoteleza ni hatari. Wakati wa kupiga msasa vaa barakoa. Vumbi la miti migumu huwasha ngozi na kuumiza kifua, na la mpingo ni miongoni mwa yanayosumbua.

Nawe mnunuzi, usiulize tu kama ni mpingo. Muulize fundi mti umetoka wapi, na umekaa kivulini muda gani. Akikujibu yote mawili bila kusitasita, mlipe bei yake.